Sentensi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kiwandani walimwita Nukta, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekalia kiti kilekile cha chumba cha wasahihishaji, akitafuta nukta zilizodondoka. Kilikuwa kiwanda cha uchapaji, na kazi yao kubwa ilikuwa vile vikaratasi vinavyokunjwa mara nane na kutiwa ndani ya pakiti za dawa, vyenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Usimpe mtoto wa chini ya miaka miwili. Usitumie ukiwa na mimba. Kufikia saa kumi alasiri macho yalikuwa yanamwasha kama ya mtu aliyemenya vitunguu gunia zima, na shingo haikubali tena kugeuka kushoto.

Akitoka hapo alipanda ngazi za ghorofa tatu mpaka chumba na sebule alichoishi na mama yake, akavua viatu, akamsalimia mama kwa Kinomiru, akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni na kuanza kazi ya pili. Hii ya pili haikuwa na mshahara.

Nomiru ni lugha iliyotungwa. Aliitunga mfamasia mmoja, marehemu sasa, aliyechoshwa na watu kumeza dawa vibaya kwa sababu ya neno moja lenye maana mbili. Akatunga lugha yenye kanuni kumi na saba zinazoenea kwenye ukurasa mmoja, isiyo na hata kanuni moja inayovunjwa, ambayo mtu yeyote angeijua kwa miezi mitatu. Akaunda chama, watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuandikiana barua. Siku Nukta alipowaeleza wenzake wa kiwandani, msimamizi aliuliza lugha hiyo ina watu wangapi.

"Mia nne na kitu," Nukta akasema.

"Hiyo si lugha," msimamizi akajibu, "hiyo ni orodha ya wageni wa harusi."

Walicheka wote, na yeye akacheka. Hakuwaambia kwamba kati ya hao mia nne na kitu, wengine wote walijifunza ukubwani. Yeye peke yake alizaliwa nayo. Baba yake alikuwa msoma mita za maji wa mji huu, mama yake mshonaji wa nchi ya mbali, na walichumbiana kwa barua za chama. Siku mama aliposhuka na sanduku lake moja hakujua neno hata moja la huku, na baba hakujua neno hata moja la kule. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuombana chumvi. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile watu walibishana, walibembelezana, waliugua na kupona kwa Kinomiru, na mtoto akakua humo.

Ndiyo maana Kamati ya chama ilimwomba yeye. Chama kilitaka kichanganuzi, yaani programu ya kompyuta inayopokea sentensi, kuifumua neno kwa neno na kusema: huyu ndiye mtendaji, hiki ndicho kitendo, huyu katendwa. Sentensi isipokaa sawa, inaandika KOSA kwa herufi nyekundu. Wanachama wawili walikuwa wametengeneza kila mmoja cha kwake. Mmoja alikuwa mhandisi wa mitambo ya simu, wa pili daktari wa meno aliyeandika programu siku za mapumziko. Kimoja kingechaguliwa kuwa kichanganuzi rasmi, na kuanzia hapo sentensi ambayo kingeikataa isingehesabiwa tena kuwa Nomiru. Nukta alitakiwa kuvijaribu vyote viwili na kuandika ripoti.

Alifanya kama alivyozoea kufanya na vikaratasi vya dawa, bila njia ya mkato. Alikusanya sentensi elfu moja na mia mbili. Mia sita alizitoa katika vitabu vya Mfamasia. Mia tatu alizivuruga kwa makusudi, ili aone kama vichanganuzi vitashtuka. Mia tatu za mwisho zilimpa shida kidogo kuzipata, si kwa uchache wake, ila kwa kuwa alikuwa hajawahi kuziona zimeandikwa. Zilikuwa za nyumbani. Alikuwa akizisikia kichwani akipanda ngazi, akaziandika nyuma ya tiketi na bahasha.

Kazi ilichukua wiki saba. Kichanganuzi cha daktari wa meno kilikubali kila kitu. Kilizikubali za kitabu, kikazikubali za nyumbani, kikazikubali na zile mia tatu zilizovurugwa, pamoja na moja iliyokuwa na neno "samaki" mara tano mfululizo na hakuna kingine. Cha mhandisi kilikuwa kikali. Kilizipitisha za kitabu zote isipokuwa nne, ambazo mhandisi alisema ni makosa ya uchapaji. Kilizikamata zilizovurugwa zote mia tatu. Halafu kikafika kwenye sentensi za nyumbani, na ukurasa ukageuka mwekundu.

Lem ba. KOSA: "ba" haina cha kukanusha. "Lem" ni kula, na "ba" ni neno la kukataa ambalo, kwa kanuni ya sita, lazima litangulie. Lakini kwao "lem ba?" halikuwa swali la chakula tu. Lilimaanisha hujala wewe, njoo ukae, mambo mengine baadaye.

Toli-toli. KOSA: neno limerudiwa. "Toli" ni nyumba. Kwao ukiirudia ni twende zetu nyumbani, na upesi.

Su gabo! KOSA: hakuna kitenzi. Kweli hakikuwapo. Ilikuwa "wewe na uso huo," na mama aliitumia mtoto akinuna.

Hata ya baba ilikataliwa, ile aliyoisema kila jioni akitua begi lake mlangoni, kwamba mita yake imelala, yaani kazi ya leo imekwisha. KOSA: kitenzi cha kiumbe hai hakiendi na kitu.

Kati ya mia tatu, zilikataliwa mia mbili na kumi na mbili. Nukta alihesabu mara mbili, kisha akampigia mhandisi.

"Dada, kichanganuzi hakikosei," mhandisi alisema. Alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu, na sauti yake ilionyesha naye amekaa siku nyingi bila kupumzika. "Kanuni ndizo zinazosema. Mimi nimezitia tu humo ndani."

"Najua. Ila hizi ni sentensi. Watu wamezisema."

"Watu husema mengi." Mhandisi akashusha sauti. "Tufanye hivi. Wewe una safu mbili, sivyo? Ya sentensi sahihi na ya makosa. Hizo mia mbili na ngapi, zihamishie kwenye makosa. Basi. Kichanganuzi kitakuwa kimezikataa sawasawa, ripoti inatoka safi, Kamati inapiga kura Jumamosi, na sote wawili tunalala."

Neno la kulala ndilo lililompata. Alisema sawa.

Jumapili baada ya kufua aliketi kuzihamisha. Kata, bandika. Kata, bandika. Haikuwa kazi ya akili, na angeweza kuzichagua zote kwa mpigo, lakini mikono yake ilikuwa imezoea kushughulikia kitu kimojakimoja. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili na daktari alikuwa amempangia miadi ya mbali, kwa hiyo siku hizi alifumua tu nguo kuukuu, akipapasa mshono kwa kidole gumba na kuukata kwa kiwembe, bila kujikata hata siku moja. Nukta alikuwa na tabia ya wasahihishaji wote: alisoma huku midomo ikicheza na sauti ikimtoka bila yeye kujua.

"Mbona unazisoma za kwetu?" mama akauliza.

Nukta akainua kichwa. "Nazihamisha, mama."

"Unazipeleka wapi?"

Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kudanganya kungekuwa kazi. "Kwenye makosa."

Kiwembe kikatulia. "Zote?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Nyingi," mama akasema, kama mtu aliyeambiwa idadi ya wageni watakaokuja. Akavuta uzi mrefu kutoka kwenye pindo, akauzungusha kidoleni. "Mimi waliniambia ya moja tu. Kumbe walikuwa hawajaanza."

"Nani alikuambia?"

Mama hakuwa mtu wa kusimulia. Alizungumza kama alivyofumua, kidogokidogo, akisimama kila penye fundo.

"Ulikuwa na miaka mitano. Kongamano lao lilikuwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya chuma vile vinavyokwaruza sakafu. Ulikuwa unalia njaa. Nikakuinamia nikakuambia, lem ba, toli-toli. Mfamasia mwenyewe alikuwa amesimama hapo karibu. Mtu mwema yule, mpole, usije ukafikiria vingine. Akaniwekea mkono begani, akawaambia watu: dada yetu huyu amemzaa mtoto wa kwanza wa lugha yetu, tumsaidie asimharibu. Akanisomea kanuni ya sita. Nami nikairudia baada yake, kama darasani. Watu wakapiga makofi."

"Na baba?"

"Alipiga makofi naye. Afanyeje? Ukumbi mzima ulikuwa unapiga."

Nukta alitazama meza. Miaka yote ile kila mwaliko wa kongamano ulipokuja, mama alisema nendeni ninyi, mimi kichwa, mimi miguu, mimi nina nguo za watu. Wakaenda wawili, baadaye akaenda peke yake, na kila mara aliwaambia wanachama kwamba mama yake hapendi safari.

"Nilidhani hupendi kusafiri," akasema.

"Napenda sana kusafiri," mama akasema. "Si nilikuja huku?"

Baada ya muda akaongeza, bila kuulizwa, kwamba siku ile njia nzima ya kurudi baba hakufungua mdomo. Walipofika mlangoni ndipo akamgeukia mtoto, akamuuliza, lem ba? Akaendelea kuuliza hivyohivyo mpaka alipofariki. Kuhusu yale makofi hakusema neno, siku ile wala baadaye, na mama hakumdai.

Nukta alitamani kukasirika, kwa sababu hasira ingempa nguvu. Haikuja. Kilichomjia ni uchovu mwingine, mpana zaidi ya ule wa macho na shingo, na ndani yake kulikuwa na jambo moja dogo lisilohama: alikuwa amehamisha sentensi hamsini na saba, na sasa angelazimika kuzirudisha. Alipika, wakala, mama akalala kidogo. Halafu akazirudisha, moja moja. Jumatatu baada ya kazi aliandika ripoti. Ilikuwa fupi. Kichanganuzi cha daktari hakijui kukataa. Kichanganuzi cha mhandisi kinakataa sentensi sahihi mia mbili na kumi na mbili. Hakuna kilichofaulu.

Mhandisi alipiga simu dakika kumi baada ya kuipokea. "Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini? Ni kuhamisha tu."

"Huko huko kuhamisha," Nukta akasema. Mhandisi akashusha pumzi simuni, kisha akamtakia jioni njema, kwa adabu ileile.

Kikao cha Jumamosi kilikuwa cha video, saa tisa alasiri. Wajumbe saba walijipanga kwenye kioo kama stempu. Kilifunguliwa kwa Kinomiru, na kama kawaida, salamu zilipokwisha wakarudi kwenye lugha ya kila siku, maana mambo mazito yaliwashinda kwa Kinomiru. Nukta hakuwa mjumbe wala hakuwa na kura. Mama alikataa kuonekana kwenye kamera. Alivuta kiti karibu na mlango wa jikoni, akakaa huko na nguo zake za kufumua.

Daktari wa meno, naye mmoja wa wajumbe hao, aliomba kusema kwanza, na akakitoa kichanganuzi chake kwenye mashindano. "Kazini kutwa watu wananiogopa," akasema. "Nilipotengeneza kitu cha kwangu, sikuwa na moyo wa kukifundisha kusema hapana." Wakacheka, wakamshukuru.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa ameichapisha ripoti na kuipigia mistari kwa kalamu. "Binti yetu," akasema, "kazi ni nzuri, tena ya jasho. Ila hapa umeandika sentensi sahihi. Nani amesema ni sahihi?"

"Mimi, mzee."

"Kwa kanuni ipi?"

Nukta alijua swali hilo lingekuja. "Hazina kanuni. Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Na tulielewana."

"Sikatai." Mwenyekiti alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na alizungumza taratibu kama anayemwelekeza mwanafunzi ubaoni. "Lakini lugha hii ilitungwa ili mtu asieleweke vibaya na mtu asiyemjua. Ninyi mlielewana kwa sababu mlikuwa familia. Familia huelewana hata kwa kukohoa. Tukifungua mlango huo, kesho kila nyumba itakuwa na Nomiru yake, na sisi tutabaki na nini?"

"Nyumba zipi, mzee?" Nukta akauliza.

"Unasemaje?"

"Hizo nyumba nyingine. Ziko wapi? Mimi najua moja tu."

Mjumbe mmoja alisahau kuzima sauti, bomba la maji likasikika likitiririka kwake. Kisha Mwenyekiti akavaa miwani, akasema hoja imesikika, na akaitisha kura. Watano walikitaka kichanganuzi cha mhandisi kama kilivyo. Wawili walikataa, daktari wa meno na mama mmoja mkutubi ambaye hakusema neno tangu mwanzo. Mhandisi, ambaye naye hakuwa na kura, alikuwa ameinama, na Nukta aliona utosi wake tu.

Alipozima kompyuta mama aliuliza, "Wamesemaje?"

"Tumeshindwa."

"Na wangapi?"

"Watano."

"Upande wetu?"

"Wawili."

Mama akaitafakari idadi hiyo. "Wawili," akasema. "Si haba. Mimi nilikuwa sina hata mmoja hadharani." Akarudi kwenye pindo lake.

Wiki mbili zilizofuata Nukta hakugusa kompyuta ya nyumbani. Alirudi kutoka kazini, akalala chali na kitambaa cha maji machoni, akaamka, akapika. Mwaliko wa sherehe ya kuzindua kichanganuzi rasmi ulikuja, akaufuta. Hakuhisi ushindi wala kisasi. Alihisi kama mtu aliyehamisha makabati mazito peke yake kisha akaambiwa yarudishwe yalipokuwa.

Siku ya Jumanne mhandisi akapiga.

"Sikupigii kuhusu Kamati," akaanza haraka, kama anayehofia simu itakatwa. "Nimefungua faili jingine. La kwangu tu, si rasmi. Nimejaribu kuzitia sentensi zenu."

"Kwa nini?"

"Zinanisumbua. Nilidhani ni ovyo tu, kila moja na njia yake. Nikazipanga. Dada, zina kanuni! 'Ba' ikija mwisho, si ya kukataa tena, ni ya kumjali mtu. Mara thelathini na moja, haikosei hata mara moja. Na maneno yanayorudiwa, yote ni ya kwenda mahali. Mlijua?"

Nukta aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakujua. Hakuna mtu anayejua kitu kama hicho kuhusu mdomo wake mwenyewe.

"Sasa nimekwama," mhandisi akaendelea. "Nikiirekebisha hii, kanuni nyingine tatu zinavunjika. Nahitaji sentensi zaidi, na nahitaji mtu wa kuniambia hii mnasema, hii hamsemi. Jioni mbili kwa wiki. Najua umechoka."

"Nimechoka kweli."

"Najua."

"Jumanne siwezi," akasema hatimaye. "Alhamisi. Moja tu kwa wiki."

Alhamisi ilikuwa siku mbaya kiwandani. Pakiti elfu arobaini zilikuwa zimetoka na karatasi isiyo yake, na ingawa kosa halikuwa la chumba chake, wote waliitwa na wote walisimamishwa ukutani kusikiliza. Alifika nyumbani miguu ikiwaka, na kabla hajafungua vifungo vya viatu simu ikaita. Aliiweka mezani, akafungua sauti kubwa.

"Nianze na rahisi," mhandisi akasema, kisha akajaribu sentensi moja kwa Kinomiru chake cha kitabuni, kilichonyooka kama rula. Aliuliza kama mtu anaweza kumwambia mgeni "lem ba".

Nukta alifungua kinywa kujibu, lakini kutoka dirishani mama akatangulia.

"Mgeni? Mgeni gani?" mama akauliza kwa Kinomiru. "Ameketi au amesimama?"

"Shikamoo, mama," mhandisi akasema, kisha akakumbuka, akairudia salamu kwa Kinomiru. "Ameketi. Inabadilisha kitu?"

"Inabadilisha kila kitu. Aliyesimama humwambii hivyo, atadhani unamfukuza kwa heshima. Andika. Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Na hilo 'lem' lako unalitamka kama umebanwa pua. Sema tena."

Mhandisi akasema tena. Mama akamkatalia. Akasema mara ya tatu, mama akasema afadhali, akasogeza kiti chake mpaka mezani, akiburuta na nguo aliyokuwa akiifumua. Nukta alisikia akiulizwa jambo, akasema, "Muulize mama," akajinyoosha kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Jua lilikuwa bado limo chumbani. Walikuwa wameanza kubishana kuhusu mita, kama inaweza kulala au haiwezi, naye akapitiwa na usingizi kabla hajajua nani ameshinda.